Kilichomo Ndani ya Choo, na Kile Ambacho Jicho Haliwezi Kukiona

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 43. Baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Ugonjwa uligunduliwa akiwa na miaka 52. Tangu hapo nimekuwa nikikagua choo changu kila siku kabla ya kumwaga maji. Kawaida ni cha kahawia, mara nyingine kinaelea, na hilo hunitia hofu. Miezi miwili iliyopita nilipimwa nikaambiwa damu yangu imepungua kwa kukosa madini ya chuma, nikapewa vidonge. Sasa choo kimekuwa kigumu, cheusi chenye ukijani. Wifi yangu anasema huo ni uchafu wa miaka mingi unaotoka, nimeze dawa ya kusafisha tumbo. Choo ni nini hasa? Ni makapi ya chakula tu? Na nikitazame vipi ili nisipitwe kama baba alivyopitwa?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Nafurahi umeandika, na umeandika waziwazi. Nimewaona wagonjwa wengi waliokaa kimya miezi mizima kwa sababu tu neno lenyewe la kumwambia daktari liliwakwama kooni.

Nikutoe hofu ya haraka kwanza. Weusi unaoueleza, wenye ukijani, tena kwenye choo kigumu, ulioanza na vidonge vya chuma, karibu kila mara husababishwa na vidonge hivyohivyo. Dawa ya kusafisha tumbo usiimeze. Lakini katika barua yako kuna jambo moja lililonifanya niisome mara mbili, na si rangi ya choo. Nitalifikia. Kabla ya hapo nataka uelewe unachokitazama kila asubuhi, maana ukikijua kilichomo utajua pia ni maswali gani kinaweza kukujibu na yapi hakiwezi.

Makapi ya chakula yamo, ila ni sehemu tu. Ukichukua choo cha kawaida ukakikausha kabisa, takriban robo tatu ya uzito wake itatoweka, kwa kuwa yalikuwa maji. Katika robo inayobaki, fungu kubwa ni bakteria, wengine wakiwa hai na wengine wamekufa. Watafiti waliopima wamewakuta wakiwa kati ya asilimia 25 na 54 ya ule ukavu. Gramu moja ya choo inaweza kubeba bakteria wapatao bilioni 100. Baada yao ndipo huja nyuzinyuzi za mimea ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, mafuta kidogo, protini, chumvi za kalisi na fosfati, ute wa utumbo, na seli za mwili wako mwenyewe. Ngozi laini inayotanda ndani ya utumbo mwembamba hujibadilisha yote kila baada ya siku chache, na seli zilizochoka hudondoka na kuondoka na choo. Ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa asiyekula kitu kwa siku kadhaa bado hupata choo, ingawa kidogo. Hakuna chakula kilichoingia, lakini bakteria wanazaliana na seli zinaendelea kudondoka.

Nilipokuwa kijana nikijifunza, fundi mmoja wa maabara, mtu mzima mwenye subira, alinikalisha mbele ya darubini. Alichukua choo kidogo kwa ncha ya kijiti, akakikoroga ndani ya tone la maji ya chumvi juu ya kioo, akafunika kwa kioo kingine chembamba. "Usianze kutafuta ugonjwa," akaniambia. "Kwanza niambie huyu mtu alikula nini." Niliona kuta za seli za mimea zimebaki tupu kama masega yaliyokamuliwa asali. Niliona mirija ya mboga iliyojiviringa kama springi ndogo sana. Kulikuwa na vipande vya nyama vya rangi ya manjano, pembe zake zimelika na mistari yake imefifia, dalili kwamba tumbo na kongosho vilifanya kazi yao. Alipodondosha iodini, chembe chache za wanga zikageuka buluu. Na nyuma ya hayo yote, kila pembe ya duara lile, vidoti vidogo mno vilikuwa vikitetemeka bila kutulia. "Hao ndio wengi," alisema, "sisi tunawapangisha tu." Tangu siku hiyo sijaweza kukiita choo uchafu kwa urahisi ule niliokuwa nao zamani.

Sasa hapo ndipo maneno ya wifi yako yanapoanguka. Anasema mema na anakupenda, lakini ukuta wa utumbo haushiki uchafu wa miaka mingi. Kitu kinachojimenya chenyewe upya kila baada ya siku chache hakiwezi kulimbikiza ganda. Dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la kusafisha tumbo ni za kuharisha tu: hukuondolea maji na chumvi ambazo mwili ulizihitaji, na zile zenye utomvu au unga wa kuvimba hutoka zikiwa na umbo la kamba ndefu ambalo mtu huonyeshwa akaambiwa ndio uchafu wake. Kamba ile imetengenezwa na dawa yenyewe. Jambo hili huniudhi sana, kwa sababu wanaoshawishika zaidi ni watu kama wewe, wenye msiba nyuma yao na hofu mbele yao.

Tuje kwenye ugumu wa choo, maana huo unakueleza kitu cha kweli. Kila siku utumbo wako mwembamba hupokea takriban lita 9 za majimaji. Lita 2 hivi umezinywa na kuzila; zilizobaki ni mate, maji ya tumbo, nyongo, na maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa na kurudishwa kwenye damu. Lita moja na nusu hivi huvuka kuingia utumbo mpana, na kinachotoka nje mwishoni ni mililita 100 hadi 200 tu. Kwa hiyo ugumu wa choo hueleza hasa muda: choo kimekaa kwenye utumbo mpana kwa muda gani kikinyonywa maji. Kikikawia hutoka vigoroto vigumu kama kinyesi cha mbuzi. Kikipita mbio hutoka uji au maji.

Mwaka 1997 madaktari wawili wa mji wa Bristol, Uingereza, Stephen Lewis na Ken Heaton, walilipima jambo hili. Waliwapa watu wa kujitolea vialama vidogo vya kumeza vinavyoonekana kwenye eksirei, wakawaharakishia choo kwa dawa moja na kukicheleweshea kwa nyingine, kisha wakalinganisha umbo la choo na muda wa safari. Jedwali lao la aina saba ndilo tunalolitumia mpaka leo. Aina ya 1 na ya 2 ni vigoroto vilivyo mbalimbali au vilivyogandamana: choo kimekawia. Ya 3 na ya 4, mfano wa soseji yenye nyufa au nyoka laini, ndizo tunazozipenda. Ya 5 huelekea ulaini, ya 6 ni rojorojo, ya 7 ni maji matupu. Kilichonivutia siku zote kwenye kazi yao ni kwamba umbo lilikisia muda wa safari vizuri kuliko idadi ya kwenda chooni. Idadi haikupi mengi: kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida, mradi ndivyo ulivyo siku zote.

Vidonge vyako vya chuma hukawiza choo kwa watu wengi, ndiyo maana kimekuwa kigumu. Kunywa maji, ongeza vyakula vyenye nyuzinyuzi, tembea. Na mwambie daktari aliyekupa. Wagonjwa wengi huvumilia vizuri zaidi dozi ikimezwa siku moja na kurukwa moja, na mwili nao hufyonza chuma vizuri kwa mpango huo. Ila usiache mwenyewe kimyakimya.

Rangi ya kahawia ina hadithi yake, na naiona kuwa nzuri kuliko zote katika mwili. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka huvunjwa, na kile kilichoipa wekundu hugeuzwa kuwa bilirubini, kitu cha manjano. Ini hukipokea, hukifunga na kingine ili kiyeyuke majini, na kukimimina ndani ya nyongo. Nyongo huingia utumboni. Bakteria huichakata bilirubini hatua kwa hatua hadi kuwa sterkobilini, na hiyo ndiyo kahawia unayoiona. Kumbe rangi ile ni damu yako ya zamani, iliyopitia ini na kumalizikia mikononi mwa bakteria. Hatua moja ikikatika, rangi hubadilika. Choo kikipita haraka mno, bakteria hawapati muda wa kumaliza kazi, nacho hutoka cha kijani. Mboga nyingi za majani hufanya hivyohivyo, na haina neno.

Lakini nyongo ikizibwa isifike utumboni kabisa, choo hutoka cheupe kama chokaa au udongo wa mfinyanzi, mkojo hukolea kama chai, na macho huwa ya manjano. Huyo ni mgonjwa wa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kuna mzazi wa mtoto mchanga anayesoma hapa, nisikilize vizuri: mtoto aliye na manjano yaliyopita wiki mbili, na choo chake kimefifia kuwa cheupe au kijivu, asisubiri kliniki ijayo. Kuna ugonjwa ambao mirija ya nyongo ya mtoto huziba. Upasuaji wake, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani miaka ya 1950, hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Taiwan iliweka kadi ya rangi za choo kwenye kitabu cha afya cha kila mtoto nchi nzima mwaka 2004, mama akalinganisha mwenyewe nyumbani, na watoto wengi zaidi wakafikishwa kwa daktari mapema. Hapo jicho la mama linatosha kuokoa maisha.

Kuelea hakukupaswa kukutisha. Watu huambiwa choo kinachoelea kina mafuta. Mwaka 1972 Michael Levitt na William Duane, wa Marekani, walikichukua choo kinachoelea wakakiweka chini ya mgandamizo; gesi iliyokuwa ndani ilipobanwa, kikazama. Kilichokuwa kinakielesha ni gesi ya bakteria. Choo chenye mafuta kweli huwa na sura nyingine: kingi, kimepauka, kinang'aa, kinanuka kupita kawaida, kinaacha matone ya mafuta juu ya maji na kuganda kwenye sinki, na mwenye nacho mara nyingi anapungua uzito. Hicho kinaelekeza kwenye kongosho, kwenye nyongo, au kwenye utumbo mwembamba usiofyonza, kwa mfano wenye ugonjwa wa siliaki, ambao protini ya ngano hudhuru utumbo, au kimelea cha giardia. Wewe hukutaja hata kimoja kati ya hivyo.

Nipite haraka kwenye mengine, ili usibaki na mashaka. Choo kama maji yaliyooshea mchele, kingi na bila maumivu makubwa, ni sura ya kipindupindu, na dawa ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari papo hapo huku mtu akipelekwa kituoni. Damu iliyochanganyika na ute, pamoja na homa na tumbo kusokota, ni kuhara damu, iwe ya shigela au ya amiba. Vipande vyeupe bapa vinavyojinyonga ni tegu. Vyuzi vyembamba vyeupe pamoja na kuwashwa usiku ni minyoo midogo ya njia ya haja. Yote hayo yana tiba, na yote huthibitishwa na maabara.

Sasa weusi. Ulimezapo kidonge cha chuma, mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Nyingi hubaki utumboni, hukutana na salfidi inayotengenezwa na bakteria, na hapo huzaliwa kitu cheusi. Choo cha chuma huwa kimeshikana, harufu yake ni ileile ya siku zote, na ukikipaka kidogo kwenye karatasi nyeupe kwa maji, pembeni huonekana ukijani. Choo cheusi cha damu ni kingine kabisa. Kinatokana na damu iliyovuja juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, mara nyingi kwa kidonda, ikachakatwa njia nzima. Hung'aa kama lami, hunata, ni laini, maji hayakiondoi kirahisi, na kina harufu nzito tamutamu ya kuchukiza ambayo muuguzi mzoefu huitambua akiwa bado mlangoni. Ukiona choo cha namna hiyo, au ukasikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio, jasho la baridi, usisubiri asubuhi. Uwe unameza chuma au humezi.

Nina sababu ya kusisitiza hilo la mwisho. Miaka ya nyuma nilimpokea mzee mmoja aliyekuwa akimeza vidonge vya chuma na, pembeni, dawa za maumivu ya magoti zile zinazochoma tumbo. Choo chake kilikuwa cheusi kwa vidonge. Kisha kikawa cheusi kwa damu. Hakuna aliyeona tofauti, hata mimi nilipomwona mara ya kwanza sikuiona, kwa sababu sote tulikuwa tumeshapata maelezo ya weusi ule. Alirudi siku nne baadaye akiwa amepauka kama karatasi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilijifunza kwamba rangi ikishapata sababu moja inayoeleweka, watu huacha kuitafutia ya pili.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye kile kilichonifanya niisome barua yako mara mbili. Umeeleza rangi, umeeleza kuelea, umeeleza ugumu. Katikati ya sentensi umepitisha maneno haya: damu imepungua kwa kukosa chuma. Dada yangu, upungufu wa chuma una chanzo chake, na chanzo hicho hakikutajwa. Chuma kimekwenda wapi? Kwa mwanamke wa umri wako jibu la kawaida ni hedhi, hasa ikiwa nzito au ya siku nyingi. Huenda ni hilo tu. Inaweza kuwa safura, minyoo inayonyonya damu kidogokidogo utumboni. Inaweza kuwa kidonda, au tumbo lenye bakteria wa Helicobacter pylori, au utumbo usiofyonza. Lakini kwa binti wa mtu aliyepata saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, siwezi kukubali hedhi iwe jibu mpaka utumbo wenyewe uwe umetazamwa.

Sikiliza kwa nini. Utumbo mpana huanzia chini upande wa kulia wa tumbo, hupanda, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka. Upande wa kulia ni mpana, na choo kikiwa hapo bado ni uji. Uvimbe ukiota kule una nafasi, hauzibi njia, wala haubadilishi umbo la choo. Huvuja damu matone machache kila siku, na matone hayo huchanganyika na kupotea kabisa katika safari iliyobaki. Inahitajika damu ya mililita 50 hivi kutoka juu ndipo choo kiwe cheusi. Chini ya hapo unaweza kukikagua kila asubuhi kwa taa na miwani usione kitu. Kinachoonekana ni mtu kuchoka, kupauka, kupanda ngazi akihema, na karatasi ya maabara inayosema chuma kimepungua. Upande wa kushoto ni tofauti: njia ni nyembamba, choo kimeshakuwa kigumu, kwa hiyo huko mtu huona damu nyekundu, au choo kinachobadilika kuwa chembamba, au anafunga choo na kuhara kwa zamu. Umekuwa ukilinda mlango wa kushoto kwa bidii kubwa. Mlango wa kulia haulindwi kwa macho.

Simaanishi kwamba una saratani. Mwenye upungufu wa chuma katika umri wako mara nyingi hana. Namaanisha kwamba swali liko wazi, na kuna kipimo kinacholijibu.

Kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana. Kile cha zamani kiliangalia mmenyuko wa kemikali ya damu, na kilidanganywa na nyama nyekundu uliyokula au na vitamini C. Cha sasa hutumia kingamwili zinazoshika protini ya damu ya binadamu peke yake, hivyo chakula hakikivurugi. Ni kipimo kizuri sana kwa mtu asiye na dalili wala historia ya familia, na hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Kuna pia kinachopima kalprotektini, protini itokayo kwenye chembe nyeupe za damu, kinachosaidia kutofautisha utumbo uliovimba na kuwa mwekundu kwa ugonjwa na utumbo unaosumbua tu bila kuvimba. Lakini wewe una dalili na una historia. Kwako kipimo cha choo hata kikirudi safi hakitanitosha, na naomba kisikutoshe wewe.

Unachokihitaji ni kolonoskopi: mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, kulekule kulia. Miongozo mingi husema mtu ambaye mzazi, kaka au dada yake alipata saratani hii kabla ya miaka 60 aanze kipimo hiki akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao ndugu yake, ule utakaotangulia. Baba alikuwa na 52; ukitoa 10 ni 42. Wako ulikuwa 40. Umechelewa miaka mitatu tu, na miaka mitatu hairudishwi kwa kujilaumu. Saratani nyingi za hapa huanza kama kijinyama kisicho na madhara, nacho huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka. Anayekitazama kwa kamera hukikata palepale, mgonjwa akiwa amelala, na kisichokuwepo hakiwezi kugeuka saratani. Hii ndiyo tofauti kati yako na mzee: yeye alipimwa baada ya ugonjwa kujionyesha.

Kipimo chenyewe si kibaya kama siku ya kabla yake. Utapewa dawa ya kukuendesha hadi maji yatoke meupe kama mkojo mwepesi, na utaiona ndefu siku hiyo. Ifanye kwa ukamilifu, kwa sababu kijinyama cha milimita tano hujificha nyuma ya choo kidogo sana. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: vidonge vya chuma husimamishwa kama siku saba kabla, kwa maelekezo ya daktari, maana chuma hukifanya choo kuwa cheusi chenye kunata kwenye ukuta, na kamera hupofuka. Huenda daktari akaamua akutazame na tumbo la juu siku hiyohiyo, kubali.

Ukienda, usianze na rangi. Anza hivi: "Daktari, nina upungufu wa chuma, na baba yangu aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52." Sentensi hiyo moja inabadilisha mazungumzo yote. Beba majibu yako ya damu na ganda la vidonge. Mweleze hedhi yako ni ya siku ngapi na nzito kiasi gani, dawa nyingine unazomeza hata za maumivu ya kichwa, kama umepungua uzito, kama choo kimebadilika tabia kwa zaidi ya wiki tatu. Ukiwahi kuona damu nyekundu, iseme, hata kama una bawasiri. Bawasiri hutoa damu kweli, lakini mtu mwenye bawasiri anaweza kuwa na kitu kingine juu yake, na nimeona ikisingiziwa mara nyingi mno.

Kukagua choo endelea ukipenda, ila kwa utulivu: mtupio mmoja wa jicho, si uchunguzi. Siku moja ya rangi ngeni si habari. Mabadiliko yaliyokaa wiki tatu ni habari, na damu ni habari siku ya kwanza.

Kisha wapigie simu ndugu zako wa baba mmoja, wote, wanaume kwa wanawake. Aliyevuka miaka 40 na hajapimwa, apange tarehe mwezi huu. Aliye na 38 amebakiwa na miaka miwili, na ikiwa choo chake kinabadilika au damu yake imepungua, asiingoje hiyo miwili.